Kuzidisha desimali kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefundisha hisabati darasa la tano na la sita kwa miaka mingi, na kila tukifika kwenye kuzidisha desimali maswali huwa yale yale. Mengine huulizwa na watoto darasani, mengine na wazazi wanaokaa na watoto jioni kusaidiana kazi za nyumbani. Yapo pia ya watu wazima walioacha shule zamani lakini kila siku wanapima vitambaa, mbao au vigae. Nimeyaweka hapa pamoja. Chukua karatasi na penseli, kwa sababu hesabu haisomwi kwa macho peke yake.

Ile nukta inafanya kazi gani hasa?

Inatenganisha vitu vizima na vipande. Kushoto kwake kuna mamoja, makumi na mamia. Kulia kwake kuna sehemu za kumi, halafu sehemu za mia, halafu sehemu za elfu. Kwa hiyo 4.25 ni nne nzima, sehemu mbili za kumi na sehemu tano za mia. Ukisogea hatua moja kulia, kila kipande kinabaki sehemu moja ya kumi ya kile cha nyuma yake.

Isome hivyo pia: "nne nukta mbili tano", si "nne nukta ishirini na tano". Mtoto anayesema ishirini na tano atakuambia 4.25 ni kubwa kuliko 4.3, kwa sababu masikioni mwake ishirini na tano inaizidi tatu. Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno, ndiyo maana siku hizi mada hii naianza kwa kusoma kwa sauti kabla sijaandika lolote ubaoni.

Nizidishe vipi, hatua kwa hatua?

Tuchukue sebule yenye urefu wa mita 4.25 na upana wa mita 3.6. Fundi anataka kujua eneo lake ili anunue vigae.

Kabla ya kuzidisha, kadiria. Urefu ni nne na ushei, upana unakaribia nne. Nne mara nne ni 16. Andika 16 pembeni ya karatasi na uizungushie duara, tutairudia.

Sasa ziache nukta kando kwa muda, uzidishe 425 kwa 36 kama namba nzima za kawaida:

```
    425
  ×  36
  -----
   2550
  1275
  -----
  15300
```

Tunaanza na 6. Sita mara tano thelathini: andika 0, beba 3. Sita mara mbili kumi na mbili, ongeza 3 uliyobeba, kumi na tano: andika 5, beba 1. Sita mara nne ishirini na nne, ongeza 1, ishirini na tano. Mstari wa kwanza ni 2550. Sasa 3. Hii 3 imekaa nafasi ya makumi, kwa hiyo mstari wake unaanzia hatua moja kushoto. Tatu mara tano kumi na tano: andika 5, beba 1. Tatu mara mbili sita, ongeza 1, saba. Tatu mara nne kumi na mbili. Tumepata 1275 iliyosogea. Jumlisha mistari miwili: 15300.

Mwisho tunairudisha nukta. Hesabu tarakimu zilizokuwa kulia kwa nukta katika namba zote mbili: 4.25 ina mbili, 3.6 ina moja, jumla tatu. Anzia mwisho wa 15300, rudi kushoto tarakimu tatu, weka nukta: 15.300. Sifuri mbili za mwisho hazina kazi hapa, kwa hiyo jibu ni mita za mraba 15.3. Tazama ile 16 uliyoizungushia duara. Majibu mawili yanakaribiana, basi nukta imekaa mahali pake.

Kwa nini tunahesabu nafasi za desimali na kuzijumlisha? Mimi nilikaririshwa tu.

Wengi tulikaririshwa, na ni hasara, kwa sababu sababu yenyewe ni fupi.

4.25 ni 425 iliyogawanywa kwa 100. 3.6 ni 36 iliyogawanywa kwa 10. Ulipoziacha nukta, uliikuza namba ya kwanza mara 100 na ya pili mara 10, kwa hiyo jibu nalo likakua mara 100 kisha mara 10, yaani mara 1,000. Sasa unalirudisha kwenye ukubwa wake kwa kuligawanya kwa 1,000, na kugawanya kwa 1,000 ni kuirudisha nukta nafasi tatu kushoto. Mia ina sifuri mbili, kumi ina sifuri moja, na elfu ina tatu. Ndiyo ile mbili ongeza moja tuliyoihesabu.

Mtoto aliyeelewa hivi hata akisahau kanuni ataitengeneza mwenyewe ndani ya chumba cha mtihani. Aliyekariri akisahau, imekwisha.

Mwanangu alipata 0.153 kwenye swali kama hilo la sebule. Alikosea wapi?

Karibu kila darasa nalikuta kosa hili. Alizidisha sawasawa, akapata 15300. Akaziona sifuri mbili mwishoni, akakumbuka kwamba "sifuri za mwisho hazihesabiwi", akazifuta. Zikabaki 153. Ndipo akahesabu nafasi tatu, akaandika 0.153.

Mpangilio ndio uliomponza. Nukta iwekwe kwanza, sifuri zifutwe baadaye. Zile sifuri mbili zilizaliwa kwenye kuzidisha na zina nafasi zao, kwa hiyo zihesabiwe pamoja na wenzao. Nukta ikishakaa, hapo ndipo zile zilizo mwisho kabisa upande wa kulia zinaweza kuondoka bila kubadili thamani.

Mtoto mmoja aliniletea jibu hilo hilo, 0.153, mwenye furaha kabisa kwa kuwa mistari yake ya kuzidisha ilikuwa safi. Sikumwekea alama ya kosa. Nilimpa karatasi za A4, nikamwambia kila moja ina eneo la kama mita ya mraba 0.06, azipange sakafuni mpaka afike 0.153. Akaweka ya kwanza, akaweka ya pili, ya tatu akaikunja nusu. Akasimama, akaitazama sebule nzima, akazitazama zile karatasi mbili na nusu karibu na miguu yake. Hakuna nilichoongeza. Alirudi mezani akaisogeza nukta mwenyewe.

Karatasi ya A4 ina eneo la 0.06 kweli?

Ipigie hesabu, ni zoezi zuri. A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7, yaani mita 0.21 na mita 0.297. Zidisha 21 kwa 297, unapata 6237. Nafasi za desimali ni mbili ongeza tatu, jumla tano. Lakini 6237 ina tarakimu nne tu! Hapo unaongeza sifuri upande wa kushoto mpaka zitimie tano: 06237. Kisha nukta, na sifuri ya mbele ili nukta isikae yatima: 0.06237.

Karatasi hii ilipangwa iwe karibu sana na sehemu ya 16 ya mita ya mraba. Zidisha 0.06237 kwa 16 na utapata 0.99792, upungufu mdogo tu kufika moja.

Kwa hiyo tarakimu zikipungua naongeza sifuri kushoto, si kulia?

Kushoto, kati ya nukta na tarakimu ulizopata. 0.03 × 0.2: tatu mara mbili sita, nafasi tatu, basi 0.006. Ukiziweka kulia unapata 0.600, ambayo ni kubwa mara mia.

Shikamoo mwalimu. Nipange nukta chini ya nukta kama kwenye kujumlisha?

Marahaba. Hapana. Kwenye kujumlisha na kutoa tunapanga nukta chini ya nukta kwa sababu sehemu za kumi lazima zikutane na sehemu za kumi. Kwenye kuzidisha kila tarakimu ya chini inazidisha kila tarakimu ya juu, kwa hiyo hakuna haja ya kukutanisha nafasi. Panga tarakimu za mwisho, upande wa kulia, zilingane. Usiziongeze sifuri ili namba zilingane urefu. Ukiandika 3.6 kama 3.60 hujakosea, ila umejiongezea mstari mzima wa sifuri wa kuandika bure.

Inakuwaje nazidisha na jibu linapungua? Kuzidisha si ni kuongeza?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na mtoto akiliuliza najua anafikiri. Neno letu lenyewe linatupotosha. Kuzidisha kumetoka kwenye kuzidi, na kuzidi ni kuwa zaidi. Mtoto amezidisha namba nzima kwa miaka mitatu minne, kila mara jibu likawa kubwa kuliko alizoanza nazo. Leo anazidisha 0.5 kwa 0.25 anapata 0.125, iliyo ndogo kuliko zote mbili. Lazima ashtuke.

Dawa yake iko dukani, na mtoto huyo huyo ameshaitumia. Mtume akanunue nusu robo ya sukari. Hatauliza maana yake. Muuza duka atachukua robo kilo, ataigawa nusu, na kitakachoingia kwenye kifuko ni gramu 125. Hakuna anayetegemea nusu robo iwe nyingi kuliko robo. Sasa iandike kwa desimali: nusu ni 0.5, robo ni 0.25, na gramu 125 ni kilo 0.125.

0.5 × 0.25 = 0.125

Mtoto amekuwa akizidisha desimali tangu alipoanza kutumwa dukani. Kinachomchanganya darasani ni kusoma alama ya × kama "mara" kila wakati. "Mara" inafaa kwa namba nzima: robo mara tatu, yaani robo, na robo, na robo. Namba ikiwa chini ya moja, soma "ya": nusu ya robo. Kipande cha kitu hakiwezi kukizidi kitu chenyewe. Badilisha neno hilo moja mdomoni mwa mtoto uone uso wake.

Kwa wanaotaka kuona kwa macho, daftari la miraba linatosha. Chora mraba wa vyumba 10 kwa 10, uwe na vyumba 100. Chukua 0.3 × 0.4. Paka rangi mistari 3 ya kulala kwa penseli nyekundu, hiyo ni 0.3 ya mraba. Kisha paka mistari 4 ya kusimama kwa penseli ya bluu, hiyo ni 0.4. Vyumba vilivyopata rangi zote mbili vihesabu kimoja kimoja: ni 12. Kumi na mbili kati ya mia ni 0.12. Ndiyo maana si 1.2, jibu ambalo nusu ya darasa huliandika siku ya kwanza. Jipe muda na mchoro huu, usiukimbie. Nimeona watoto walioshindwa wiki mbili wakaelewa kwa penseli mbili za rangi.

Kanuni inayotoka hapo: ukizidisha kwa namba kubwa kuliko moja, jibu linakua. Ukizidisha kwa namba ndogo kuliko moja, jibu linapungua. Ukizidisha kwa moja, jibu linabaki lilivyo.

Unasisitiza sana kukadiria. Si kupoteza muda?

Kukadiria kunachukua sekunde tano na kunakamata kosa kubwa kuliko yote, la nukta kukaa pasipo pake. Ukikosea tarakimu ya mwisho, jibu lako limekosea kidogo. Ukikosea nukta, limekosea mara kumi au mara mia. Kwenye dozi ya dawa au malipo ya mafundi hilo si kosa dogo.

Chukua 19.8 × 0.52. Ishirini kasoro kidogo, mara nusu na kidogo. Nusu ya ishirini ni 10. Sasa zidisha 198 kwa 52: unapata 10296. Hata kabla hujahesabu nafasi, jiulize: nukta ikae wapi ili jibu liwe karibu na 10? Ni 10.296 tu inayowezekana. 1.0296 ni ndogo mno, 102.96 ni kubwa mno. Hesabu nafasi uhakikishe: moja ongeza mbili ni tatu. Zimekubaliana.

Mimi huwaambia wanafunzi waandike makadirio kwanza, tena kwa kalamu ya wino, wasije wakayabadilisha baadaye ili yafanane na jibu. Wengine hufanya hivyo, na siwalaumu, ila makadirio ya namna hiyo hayalindi chochote.

Ukizidisha kwa 10 si unaongeza sifuri tu?

Kwa namba nzima, ndiyo. Kwa desimali, hapana: 2.5 ukiiongezea sifuri inakuwa 2.50, na hiyo ni 2.5 ile ile. Kuzidisha kwa 10 ni kusogeza nukta hatua moja kulia, kwa 100 hatua mbili, kwa 1,000 hatua tatu. 2.5 × 10 = 25. 0.047 × 100 = 4.7. Kuzidisha kwa 0.1 ni kinyume, hatua moja kushoto: 36 × 0.1 = 3.6.

Bati la futi 10 lina urefu gani kwa mita? Futi moja ni mita 0.3048 kamili. Sogeza nukta hatua moja: mita 3.048. Huhitaji hata karatasi.

Namba ikiwa na sifuri katikati, kama 3.05?

Ibebe kama ilivyo: 305, si 35. Kwa 3.05 × 2.4, zidisha 305 kwa 24. Nne mara tano ishirini, andika 0, beba 2. Nne mara sifuri sifuri, ongeza 2, mbili. Nne mara tatu kumi na mbili. Mstari wa kwanza 1220. Wa pili 610 uliosogea. Jumla 7320, nafasi tatu, 7.320, yaani 7.32. Makadirio: tatu mara mbili na nusu, kama saba na nusu. Sawa.

Mama yangu anauza vitenge na anapiga hesabu hizi kichwani bila kuandika. Anafanyaje?

Mheshimu sana mama yako, kwa sababu anazivunja namba. Mteja anataka mita 2.75 za kitambaa cha shilingi 4,500 kwa mita. Mita mbili, 9,000. Nusu mita, 2,250. Robo mita, 1,125. Jumla 12,375. Sisi darasani tunazidisha 275 kwa 45 tunapata 12375, tunahesabu mambo ya nafasi na sifuri, tunafika pale pale.

Njia yake ni sahihi kabisa kihisabati: 2.75 ni 2 ongeza 0.5 ongeza 0.25, na kila kipande kinazidishwa peke yake. Inafaa sana desimali inapokuwa ya nusu na robo. Ikiwa 2.83 inachosha, hapo rudi kwenye karatasi. Ningependa kila mtoto ajue zote mbili, atumie moja kukagua nyingine.

Ndugu yetu amehamia kutoka Bukavu, mwanawe anaandika 2,5 badala ya 2.5. Amekosea?

Hajakosea. Kongo na Burundi shule zimefuata desturi ya Kifaransa, na kwa Kifaransa alama ya desimali ni mkato. Sisi Tanzania, na majirani zetu wa Kenya na Uganda, tunatumia nukta, na mkato tunautumia kutenga maelfu. Hatari iko hapa: mtoto wa huku akiona 1,250 anasoma elfu moja mia mbili hamsini. Yule wa Bukavu anasoma moja na robo. Tofauti ni mara elfu moja!

Kanuni ya kuzidisha haibadiliki hata kidogo, nafasi zinahesabiwa vile vile. Mkalishe mtoto, mweleze kwamba huku mkato una kazi nyingine, na kwa majuma machache ya kwanza mwalimu wake asimkatie alama kwa hilo.

Niko Muscat. Huku bei zina tarakimu tatu baada ya nukta. Sifuri za mwisho nizifute?

Rial ya Oman ina baisa 1,000, ndiyo maana bei huandikwa kwa nafasi tatu. Kitu cha rial 0.350 ukichukua sita: 350 mara 6 ni 2100, nafasi tatu, 2.100. Kihisabati ni 2.1, lakini kwenye pesa acha sifuri zikae. Anayesoma 2.1 anaweza kudhani ni rial mbili na baisa moja, kumbe ni baisa mia. Kwenye vipimo na pesa sifuri ya mwisho inamwambia msomaji kwamba umepima mpaka hapo.

Nitajuaje kama nimezidisha sawa, mbali na makadirio?

Ipo njia ya kutoa tisa, yaani kulinganisha mabaki ya kugawanya kwa 9. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja. Kwa 3.05: 3 na 0 na 5 ni 8. Kwa 2.4: 2 na 4 ni 6. Zidisha hizo: 8 mara 6 ni 48, 4 na 8 ni 12, 1 na 2 ni 3. Sasa jibu, 7.32: 7 na 3 na 2 ni 12, yaani 3. Zimelingana. Zisipolingana, ujue umekosea mahali. Zikilingana bado unaweza kuwa umekosea, kwa mfano kama umebadilishana tarakimu mbili. Tena njia hii haioni nukta hata kidogo, 73.2 nayo ingepita. Kwa hiyo tisa zinakagua tarakimu, makadirio yanakagua nukta.

Simu ina kikokotoo. Kwa nini mtoto ahangaike?

Kwanza, mtihani wa kumaliza darasa la saba unafanywa bila kikokotoo. Hiyo ni sababu ndogo. Kubwa ni kwamba kikokotoo kinajibu ulichobonyeza, hakijui ulichotaka. Kidole kikiruka nukta, 3.6 inakuwa 36, na simu itakupa 153 kwa utulivu ule ule ambao ingekupa 15.3. Anayejua kwamba sebule ile ni karibu 16 ataiona mara moja. Asiyejua atanunua vigae vya ukumbi wa harusi.

Nani alianzisha mambo haya ya desimali?

Al-Uqlidisi aliandika juu ya vipande vya desimali huko Dameski karibu mwaka 952. Al-Kashi wa Samarkand alivieleza kwa upana mwaka 1427. Ulaya vilienea baada ya Simon Stevin kutoa kijitabu kwa Kiholanzi mwaka 1585, na huyu napenda kuwatajia wanafunzi kwa sababu hakukiandikia wasomi peke yao. Alikielekeza kwa wapima ardhi, wapima mazulia, wapima mvinyo na wafanyabiashara. Alama zake zilikuwa nzito, kila tarakimu na kiduara chake cha kuonyesha nafasi. Nukta tunayoiandika leo ilikuja kushika baadaye, mwanzoni mwa karne ya 17, na John Napier wa Uskoti ni mmoja wa walioitumia. Neno letu sifuri nalo ni la Kiarabu.

Nipe mazoezi machache ya kuanzia.

Kadiria kila moja kwanza, kwa wino. Usitazame majibu kabla.

0.6 × 0.7
1.2 × 1.2
0.05 × 0.8
12.5 × 0.8
7.03 × 0.9
3.14 × 2.5 (mzingo wa duara lenye kipenyo cha mita 2.5)
32 × 2.54 (runinga ya inchi 32, kwa sentimita)
0.5 × 0.5

Majibu kwa mpangilio huo huo: 0.42, 1.44, 0.04, 10, 6.327, 7.85, 81.28, 0.25.

La tatu likikutoka 0.4, rudi kwenye swali la tarakimu zinazopungua: tano mara nane ni 40, nafasi ni tatu, kwa hiyo 0.040. La nne likikutoka 0.01, ulifuta sifuri mapema kama yule mtoto wa sebule: 125 mara 8 ni 1000, nafasi mbili, 10.00. La saba ni kipimo cha kona hadi kona ya kioo, usiende kupima upana ukadhani umekosea hesabu. Na la mwisho, kabla ya kuchukua penseli, lisome kwa "ya".